Mama yetu analea mwanasesere: je, tumwondolee?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mtoto wa pili katika familia ya watoto watatu, na nakuandikia kwa ajili yetu sote ingawa hatujakubaliana juu ya jambo lenyewe. Mama yetu ana umri wa miaka 61. Baba alifariki miaka minne iliyopita baada ya kuugua kwa muda mrefu, na mama ndiye aliyemuuguza hadi pumzi ya mwisho. Baada ya msiba alistaafu kazi, akabaki peke yake nyumbani, akaacha kwaya, na majirani aliokuwa akishinda nao akaacha kuwatembelea. Tulidhani ni uchovu, tukamwachia muda.

Mwaka jana aliagiza mwanasesere kupitia mtandao. Sizungumzii mdoli wa kuchezea watoto. Huyu ana uzito wa kichanga, ana mishipa ya samawati juu ya kope, mikunjo viganjani, vipele vyeupe vidogo puani kama vya mtoto aliyezaliwa juzi, na nywele laini zilizopandikizwa mmoja mmoja. Siku nilipoingia sebuleni nikamkuta mama amempakata, nilidhani ni mtoto wa jirani. Nilipotambua kwamba sivyo, nilihisi baridi mwili mzima, na hadi leo siwezi kumtazama usoni kwa muda mrefu.

Mama amempa jina. Asubuhi humbadilisha nguo, humfulia, na jioni hukaa naye mapajani akisikiliza redio. Hajawahi kumlisha wala kumpeleka hospitali, na mtu akimuuliza, husema waziwazi kwamba ni mwanasesere. Fedha zake anazitunza vizuri kuliko sisi, anapika, anasoma, na anakumbuka siku za kuzaliwa za wajukuu wote. Lakini mwezi uliopita nilimwomba aje kukaa nasi wiki mbili, akanijibu, “Na mtoto nimwache na nani?” Alikuwa akitabasamu, kwa hiyo sikujua kama anatania. Hata hivyo hakuja.

Kuna jambo jingine. Shangazi alitueleza zamani kwamba kabla ya kaka yangu mkubwa, mama alijifungua mtoto aliyefia tumboni. Hakuonyeshwa, wauguzi walimwondoa mara moja, na wazee wakamwambia asilie kwa kuwa atapata mwingine. Mama mwenyewe hajawahi kulitaja. Nilipojaribu kumuuliza kwa kuzungukazunguka kama mwanasesere anahusiana na mtoto yule, alinikatiza: “Si kila kitu ni kilio. Napenda tu kumshika.”

Kaka yangu anasema huu ni mwanzo wa wazimu, na kwamba siku mama akitoka atamchukua mwanasesere huyo amchome. Mdogo wangu anasema mama aachwe. Mwanangu wa miaka mitano ameniuliza kwa nini mtoto wa bibi haamki, nikakosa jibu. Tafadhali tusaidie. Je, mama anaumwa? Je, ni dalili za ugonjwa wa kusahau? Na je, tumwondolee?

Binti mwenye wasiwasi

JIBU

Marahaba, binti yangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu kaka yako anaweza kutenda kabla hamjamaliza kushauriana: msimwondolee mama yenu mwanasesere huyo, msimfiche, na msithubutu kumchoma. Katika yote uliyoyaeleza sioni dalili ya mtu aliyepotewa na akili. Naona mwanamke anayejua vizuri alichokishika, na familia inayoogopa. Hofu yenu ni halali na nitaizungumzia, lakini ni hali yenu ninyi, na isihesabiwe kuwa ugonjwa wake.

Kinachowatatiza wengi ni hiki: ikiwa anajua kwamba ni mwanasesere, kwa nini anamtendea kama mtoto? Jibu ni kwamba kujua na kuhisi havipiti njia moja. Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, alieleza kwamba kuna umbo fulani linaloamsha ndani yetu hamu ya kulea: kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, paji pana, macho makubwa yaliyokaa chini usoni, mashavu ya mviringo na viungo vifupi vinene. Umbo hilo likionekana, hamu huamka, hata kama mwenye umbo ni mtoto wa mnyama au kitu kilichochorwa. Watafiti wakiongozwa na Morten Kringelbach walionyesha mwaka 2008 kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo juu ya matundu ya macho, huitikia sura ya mtoto mchanga asiyefahamika ndani ya milisekunde 130 hivi, na haiitikii hivyo kwa sura ya mtu mzima. Katika muda huo mtu hajapata hata nafasi ya kuwaza kama anachokiona ni kweli au ni bandia. Wewe mwenyewe umesema kwamba mara ya kwanza ulidhani ni mtoto wa jirani. Ulichokiona wewe kwa mara moja, mama anakiona kila siku, pamoja na kuhisi uzito wake mikononi.

Uzito huo usiudharau, kwa maana mafundi wa wanasesere hawa, ambao sanaa yao ilianza kushika kasi nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanaujua vizuri. Hupaka rangi tabaka nyembamba juu ya tabaka, kila moja ikikaushwa kwa joto, hadi ngozi ionekane kuwa na damu chini yake. Hupandikiza nywele za mbuzi wa Angora kwa sindano nyembamba sana. Kisha hujaza kichwa na kiwiliwili cha kitambaa kwa shanga ndogondogo za kioo, ili shingo ilegee na kichwa kianguke nyuma kisiposhikwa. Mtazame mama siku moja anapomnyanyua. Nina hakika mkono mmoja utatangulia nyuma ya shingo bila yeye kuuagiza, kwa sababu mikono iliyolea watoto watatu haihitaji kuagizwa. Mwaka 2016 huko Keene, katika jimbo la New Hampshire nchini Marekani, polisi alivunja kioo cha gari lililoachwa juani ili kumwokoa mtoto aliyeonekana hapumui, akagundua kwamba ni mwanasesere. Hakuna aliyesema polisi yule amerukwa na akili. Mwili wake ulifanya kile ambacho umbo la mtoto humwagiza mtu kufanya.

Sasa nizungumzie ile baridi uliyoihisi. Ernst Jentsch, daktari wa Ujerumani, aliandika mwaka 1906 kwamba mtu huingiwa na hofu ya aina yake anaposhindwa kuamua kama kitu kilicho mbele yake kina uhai au hakina. Mwaka 1970 Masahiro Mori, mhandisi wa roboti wa Japani, aliongeza kwamba kadiri kitu kinavyozidi kufanana na binadamu ndivyo tunavyozidi kukipenda, hadi kinapokaribia kabisa. Hapo mapenzi huporomoka ghafla na mahali pake pakaingia hofu ya kusisimua mwili. Huko ndiko ulikoanguka wewe, na kaka yako pia. Mama hakuanguka, ama kwa sababu amekwisha kumzoea, ama kwa sababu alimchagua mwenyewe akijua anachagua nini, hali wewe ulimkuta ghafla. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa nimeona watu wengi wakichukua hofu yao hiyo na kuifanya kipimo cha afya ya akili ya mwingine. Mwaka 2025 nchini Brazili wanasesere hawa walizua ugomvi wa taifa zima: baraza la jiji la Rio de Janeiro lilipitisha muswada wa kuwawekea mafundi wake siku ya heshima, meya akaukataa, na mitandaoni wanawake wanaowapenda wakatukanwa usiku na mchana. Matusi ya namna hiyo humfundisha mtu kujificha, na mtu aliyejificha hasaidiki hata siku anapohitaji msaada wa kweli.

Umeuliza kama anaumwa. Katika miongozo mikuu miwili ambayo madaktari wa afya ya akili hutumia kutambua magonjwa, hakuna ugonjwa unaoitwa kupenda wanasesere. Wengi wanaowanunua ni wakusanyaji wanaopenda ufundi wake. Ningeshtuka kama ungeniambia kwamba mama anaamini mwanasesere analia usiku, kwamba anampikia uji na kukasirika asipoula, kwamba anatumia fedha za dawa kumnunulia nguo, au kwamba ameacha kulala na kula. Ugonjwa wa kusahau nao huja na alama zake: mtu hurudia swali lile lile, hupotea njia anayoijua, hushindwa na hesabu alizozizoea. Mama yako hana hata moja ya hizo katika barua yako. Huenda kaka yako amesikia kwamba nyumba za kutunzia wazee katika nchi mbalimbali huwapa wanasesere wagonjwa wa aina hiyo, na ni kweli, kwa kuwa baadhi yao hutulia na kupunguza mahangaiko wanapompata mtu wa kumlea; lakini matumizi hayo hayamfanyi kila anayeshika mwanasesere kuwa mgonjwa. Na angalieni jambo moja wanalofundishwa wahudumu wa huko: wasimnyang’anye mgonjwa mwanasesere wake, wasimshike kichwa chini miguu juu, wala wasimtupe kitandani mbele yake. Ikiwa mtu ambaye kumbukumbu zake zimeharibika anastahili heshima hiyo, mama yenu mwenye akili timamu anastahili zaidi.

Sasa naomba uirudie barua yako mwenyewe uangalie mpangilio wa mambo. Baba alifariki, kazi ikaisha, kwaya ikaachwa, majirani wakakosa kutembelewa, na mwanasesere akaja baada ya hayo yote, miaka kadhaa baadaye. Hakumtenga mama na watu, bali alimkuta ametengana nao tayari. Mwaka 2008 Nicholas Epley na wenzake walionyesha kwamba watu wenye upweke huvipa vitu visivyo na uhai tabia za kibinadamu kwa urahisi zaidi kuliko wengine, jambo ambalo halinishangazi, kwani hamu ya kuwa na mwenzi haizimiki kwa kukosa mwenzi. Kwa hiyo kuna tatizo katika nyumba hiyo, nami sitakudanganya kwamba hakuna, ila mmelitafuta mahali ambapo halipo. Ninyi mnapambana na mwanasesere, na miaka ile ya ukimya iliyomtangulia mliiita uchovu.

Kuhusu mtoto aliyefia tumboni, nakuomba uwe mwangalifu sana. Ni rahisi kudhani kwamba kila mwanamke anayempakata mwanasesere anamlilia mtoto, na wakati mwingine ndivyo ilivyo. Kizazi cha mama yako kilitendewa vibaya katika jambo hili: katika hospitali nyingi duniani watoto waliozaliwa wafu waliondolewa kabla mama hajawaona, kwa imani kwamba asichokiona hatakililia. Kenneth Doka, mtaalamu wa Marekani, alieleza mwaka 1989 aina ya majonzi ambayo jamii haiyapi kibali, ambapo aliyefiwa hana ruhusa ya kulia, hapewi pole wala hapewi muda. Mama yako aliambiwa asilie. Anayeambiwa hivyo akiwa kijana anaweza kubeba kilio hicho hadi uzeeni, na pengine siku moja akipata umbo la kushika, mikono yake ikashika. Wala hilo si uwendawazimu. Tangu mwaka 1996, Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walipopinga imani ya zamani kwamba aliyefiwa lazima akate kabisa uhusiano na marehemu, wataalamu wengi wamekubali kwamba uhusiano huo huendelea kwa sura nyingine, na kwamba kuendelea kwake si kosa. Lakini mama amekuambia kwamba si kila kitu ni kilio, na huna haki ya kumjua kuliko anavyojijua. Ulimuuliza kwa kuzunguka, naye akaufunga mlango. Usiusukume. Mwambie mara moja tu, moja kwa moja na kwa upole, kwamba unajua kuhusu yule mtoto, kwamba unasikitika hakupewa nafasi ya kumwona, na kwamba siku akitaka kumzungumzia utamsikiliza. Baada ya hapo nyamaza.

Mimi nimevutiwa zaidi na ile sentensi yake ya pili, ambayo umeipita haraka: “Napenda tu kumshika.” Mama huyu alimuuguza mume kwa muda mrefu. Nani alimgeuza kitandani, nani alimwosha, nani alimwinua kichwa anywe maji? John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza ambaye vitabu vyake vitatu juu ya mafungamano ya mtoto na mzazi vilianza kutoka mwaka 1969, alitofautisha hamu ya kutunzwa na hamu ya kutunza, akaziona zote mbili kuwa za asili na kwamba kila moja ina nguvu zake. Siku baba yenu alipofariki, watu walimpa mama pole kwa kumpoteza mume, na ilikuwa haki yake. Ila nadhani hakuna aliyempa pole kwa kazi iliyotoka mikononi mwake usiku huo huo. Kisha akastaafu. Mikono iliyokuwa na la kufanya tangu alfajiri ikawa haina mtu wa kumgusa. Siwezi kuapa kwamba hii ndiyo sababu, lakini inalingana na maneno yake kuliko dhana ya wazimu, na hata kuliko dhana ya yule mtoto. Muulize kuhusu miezi ya mwisho ya baba. Usimuulize alijisikiaje; muulize siku zao zilikuwaje, saa kwa saa, halafu umwache aseme.

Yapo maelezo mengine yanayostahili kuwekwa kando ya hayo. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, alipoeleza mwaka 1951 kuhusu blanketi au mdoli ambao mtoto mdogo hataki kuuachia, alisema kwamba mtu mzima mwenye busara hamuulizi mtoto kama kitu hicho amekizua mwenyewe au amekipata kutoka nje. Swali hilo haliulizwi kabisa, kwa sababu thamani ya kitu hicho iko katika nafasi iliyo kati ya mambo hayo mawili. Na Winnicott hakusema kwamba nafasi hiyo hufungwa mtu anapokua. Aliona kwamba watu wazima huendelea kuishi humo kupitia sanaa na dini. Kwa hiyo mama anaposema leo kwamba ni mwanasesere, na kesho akamwita kwa jina lake, msimshike maneno kama mawakili. Hajipingi.

Jambo moja tu katika barua yako limenipa wasiwasi, nalo ni ile safari aliyoikataa. Tabasamu lake linaniambia alikuwa akitania. Kutokuja kwake kunaniambia kwamba ndani ya utani kulikuwa na kitu. Inawezekana kabisa kwamba hakutaka kuja, na mwanasesere akamsaidia kukataa bila kukuumiza. Inawezekana aliogopa jinsi mtakavyomtazama akija naye. Inawezekana pia, na hapa ndipo pa kuangaliwa, kwamba ameanza kuona vigumu kuachana naye hata kwa siku chache. Yatofautishe kwa kumwalika tena, na safari hii umwambie wazi: “Mama, njoo naye.” Mpangie pa kumlaza bila sherehe na bila mzaha. Akija, utakuwa umejifunza kwamba kilichomzuia kilikuwa aibu. Akikataa hata hivyo, na akaendelea kukataa kila mwaliko unaomtoa ndani, basi zungumza naye juu ya kumwona mshauri nasaha au mwanasaikolojia, na sababu utakayompa iwe upweke wake tangu baba afariki. Usimtaje mwanasesere katika sababu hiyo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linatambua majonzi yanayorefuka kupita kiasi, ambapo hamu ya kumtamani marehemu huendelea kwa nguvu kwa zaidi ya miezi sita na kuvuruga maisha ya kila siku. Mama amefikisha miaka minne ya kujitenga. Mtaalamu ndiye atakayesema kama imefikia huko, lakini ni swali la haki kuliuliza, na yapo matibabu ya mazungumzo yanayosaidia.

Wakati huo huo mpeni mikono yake kazi iliyo hai. Sisemi hivyo ili wajukuu wachukue nafasi ya mwanasesere, maana akihisi kwamba mnambadilishia kimoja kwa kingine atajifunga zaidi. Nasema hivyo kwa sababu umeniandikia kwamba anakumbuka siku za kuzaliwa za wajukuu wote, lakini hukuniambia ni lini mara ya mwisho mmoja wao alilala kwake.

Mwanao mweleze ukweli kwa maneno mafupi: huyo ni mwanasesere, hawezi kuamka kwa sababu hana uhai, na bibi anapenda kumtunza. Mtoto wa miaka mitano anaelewa mchezo wa kuigiza kuliko sisi sote na hataogopa akiona wewe huogopi. Akiomba kumshika, amwombe bibi mwenyewe. Na kama bibi atamfundisha namna ya kushika shingo, usiwakatize. Mwombeni mama pia, kwa adabu, asimwache mwanasesere ndani ya gari akienda shughuli zake, kwa sababu hiyo ya polisi niliyokueleza.

Amebaki kaka yako. Mkalishe chini umwambie kwamba akimchoma mwanasesere, mama atakuwa ameondolewa mtoto kutoka mikononi kwa mara ya pili maishani, safari hii na mwanawe wa kumzaa, na tena bila kuulizwa. Kama baada ya kusikia hayo bado anaona mwili unamsisimka akimtazama, asimtazame. Akifika, akae upande wa pili wa sebule na amwamkie mama yake.